Kutoka Darajani Kwenda Kiponda, Bangkok

Jumamosi, 15 Septemba 1984. Ibra

Nimekanda unga. Nimefua. Nimempelekea Seif kahawa dukani. Nimemkuta ameifungua saa ya mteja, anatafuta skurubu mezani kwa ncha za vidole. Skurubu ilikuwa mbele yake, inang'ara. Nimesimama mlangoni namtazama. Hakuniona mpaka nilipokohoa.

Jicho lake la kushoto lilikufa miaka minne nyuma. Sasa la kulia. Daktari wa Maskati alisema Jumatano: pazia la nyuma ya jicho linabanduka. Mashine yake hapa hakuna, Bangkok ipo. Awahi, isipite wiki ya kwanza ya Oktoba. Ikipita, khalas, imekwisha.

Miaka ishirini na tano mume wangu anatengeneza saa. Hajui kazi nyingine wala haitaki. Akipofuka atakufa amekaa. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 21 Septemba

Mwanangu Nasor amekuja kutoka Maskati na uso wa msiba. Ofisini kwake wamemnyima ruhusa mpaka Novemba. Anataka tungoje, aje atupeleke mwenyewe. Mama, kasema, wewe peke yako huwezi, mji mkubwa ule, lugha hujui, maandishi yao husomi, baba haoni.

Nikamwambia jicho la baba yako halijui Novemba.

Tumenuniana mpaka alasiri. Kilichoniuma ni kuwa anasema kweli. Mie mji nilioujua kwa miguu yangu ni mmoja tu duniani, Unguja, na nimeutoka mwaka 64, yeye nikiwa nimembeba mgongoni. Ibra huwezi kupotea hata ukitaka. Maskati napelekwa kwa gari, naletwa kwa gari.

Lakini lisilobudi hutendwa. Tiketi kalipa yeye, tena kabla ya magharibi. Nampa haki yake.

Jumapili, 23 Septemba

Bi Shemsa, rafiki yangu, kaja kutoka Sur kutuaga. Yeye alikwenda Bangkok na marehemu mumewe, nikadhani nimepata mwalimu. Nimemuuliza njia, chakula, gari. Kanambia usile kitu, usimwamini mtu, usitoke hotelini. Wiki tatu kakaa Bangkok akitazama ukuta. Hayo mashauri au kifungo?

Nimemshukuru, nikamfungia halua. Kisha nimenunua daftari jingine, la kijani. Hili ninaloandikia langu, lile la kijani la atakayekuja nyuma.

Jumatano, 26 Septemba. Bangkok

Tumefika. Nimetoka uwanjani joto likanikumbatia, si joto kavu la Ibra, joto la majimaji. Seif kainua pua. Kasema hapa mvua imetoka kunyesha na mtu anakaanga ndizi. Kweli, vyote viwili.

Dereva wa teksi kataja bei tulipokwisha fika. Ujinga wangu. Daftari la kijani, la kwanza kabisa: patana kabla hujatia mguu garini, tena iandike bei kwenye karatasi umwonyeshe. Nambari za Kizungu wanazisoma kama sisi.

La pili: chukua kadi ya hoteli yenye maandishi yao, utie kifuani. Usiiache hata ukenda dukani tu.

Alhamisi, 27 Septemba

Spitali wametupokea vizuri. Upasuaji Jumatatu. Tumerudi kwa miguu maana teksi zilikuwa zimekwama barabarani. Dakika ishirini na tano, Seif kanishika mkono. Anaona vivuli tu. Kila hatua ananiuliza, tuko wapi, Zuwena? Na mie sijui nimjibu nini. Majina ya njia siwezi kuyasoma, na nikitajiwa hayanikai kichwani.

Tukafika penye daraja juu ya mfereji, na soko ubavuni, samaki, mboga, kelele. Nikamwambia tuko Darajani.

Akacheka. Mara ya kwanza tangu kwa daktari wa Maskati.

Basi nikaendelea kuzipa njia majina ya Unguja. Uchochoro mwembamba baada ya soko, wenye duka la miwani la mzee wa Kichina, nikauita Mkunazini. Njia ya hoteli ni Kiponda, kwa sababu Kiponda ndiko nilikozaliwa na nilikolala. Na spitali ni Mnazi Mmoja, kama kwetu. Seif kanyoosha mgongo. Anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Usiku kanirudia njia yote, kutoka Mnazi Mmoja mpaka kitandani, bila kukosea.

Ijumaa, 28 Septemba

Nimetoka peke yangu. Nimerudi salama, nimejisifu mbele ya kioo.

Ya daftari la kijani. Kuna msikiti mdogo nyuma ya Mkunazini na Waislamu wa hapa hapa, ukiona alama ya mwezi na nyota kwenye mkahawa, kula, mchuzi wao wa nazi hauna shaka. Neno la nguruwe ni mu. Uliza mu, huku unatikisa kichwa, watakuelewa. Viatu vua mlangoni kama kwetu. Mtoto wa mtu usimpapase kichwani, wanachukia. Na usifoke. Nilimfokea mwenye duka la maji, akatabasamu tu, akanigeuzia mgongo. Leo nimetabasamu mie, nimepata maji na kiti cha kukalia. Kwangu mie hili ndilo gumu kupita yote.

Jumapili, 30 Septemba

Nimeona shokishoki. Rundo zima, sokoni Darajani, nyekundu na nywele zake. Na doriani. Na fenesi limepasuliwa. Miaka ishirini sijaonja shokishoki. Nimekula saba nimesimama, maji yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, watu wananitazama. Nimelia kidogo. Sijali.

Seif kaimenya yake kwa meno, kaila mpaka ikaisha. Akasema moja nyingine.

Mwanamke anayekaanga ndizi pale darajani ananijua sasa. Namwita Bimkubwa wa Ndizi, yeye ananiita jina lake analolijua mwenyewe. La daftari: nunua kwa mtu mmoja kila siku, kila siku yule yule. Mji hata uwe mkubwa vipi, utakuwa na mtu mmoja anayekujua ndani yake.

Kesho ndiyo siku. Barua ya daktari wa Maskati, ile inayosema sindano ipi inamdhuru Seif, nimeitia ndani ya msahafu. Hapo haiwezi kupotea.

Jumatatu, 1 Oktoba

Mikono bado inaniuma kwa kushika kuta majini. Nitaandika vivi hivi.

Asubuhi mvua. Tumefika Mnazi Mmoja saa mbili kwa teksi, maji yanafika kwenye milango. Saa tatu u nusu daktari kaniomba barua. Nikatia mkono mkobani. Hakuna. Nikakumbuka. Kwetu karatasi ya maana inawekwa ndani ya msahafu ipate ulinzi, mama yangu kafanya hivyo, bibi yangu kafanya hivyo. Na msahafu sikuja nao spitali, niliuacha juu ya meza usije ukaroa. Barua imelindwa vizuri, mie ndiye nisiyelindwa.

Daktari hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Kasema bila barua hampi mtu sindano. Mwisho saa sita. Jioni yeye anasafiri, wiki mbili. Wiki mbili jicho halingoji.

Simu hotelini hazipokelewi. Teksi hakuna, barabara imekuwa mto. Nimemwambia Seif nakwenda Kiponda narudi. Kasema nenda, mwanamke, Kiponda si mbali.

Nimevua viatu, nimefunga baibui kiunoni, nimeingia majini. Magotini. Nilipofika Darajani sikusimama hata kidogo. Nikakata kushoto. Nikatembea, nikatembea. Mkunazini siioni. Duka la miwani silioni. Nikaona ukuta mrefu wa hekalu lao, sijapata kuuona maishani. Kadi ya hoteli nimeitoa kifuani, imeroa, wino umetapakaa wote. Saa yangu inasema nne na nusu.

Nimesimama pale nimeshika ukuta nikalia kwa sauti. Naandika kama ilivyokuwa.

Halafu nikaelewa. Kwetu, ukitoka Mnazi Mmoja ukafika Darajani, unakata kushoto kuingia mjini. Hapa ni kulia. Siku zote nilikuwa nakwenda pole pole na macho yangu. Leo nilikuwa na hofu, nikaiachia miguu, na miguu ikenda kwetu. Ilikuwa inanipeleka kwa mama.

Nimeitukana miguu yangu. Nikarudi nyuma mpaka Darajani, njia yote ile. Na pale pale, nikiwa nimechoka sina akili, nikaanza tena kugeuka kushoto. Bimkubwa wa Ndizi, kajikinga chini ya turubai, akagonga karai lake kwa upawa mara tatu. Nikamtazama. Kanyoosha upawa kulia. Alijua ninakolala tangu siku ya kwanza.

Kulia. Mkunazini. Miwani. Kiponda. Ngazi tatu juu. Msahafu. Barua.

Nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, nimeufunga juu ya kichwa chini ya mtandio. Nimerudi majini. Darajani nilimwinulia mkono yule mwanamke, naye kaniinulia upawa. Nimeingia spitali saa sita kasoro dakika kumi kwa saa yangu, nachuruzika, miguu mitupu, sakafu yao nyeupe nimeichafua yote. Daktari kasoma barua, kasoma tena. Kasema sindano aliyoitayarisha ndiyo ile ile iliyokatazwa. Akaibadilisha.

Wamemwingiza. Wamemtoa. Daktari kasema imekwenda vizuri. Macho yote mawili yamefungwa, siku tano.

Mie. Zuwena. Peke yangu.

Jumanne, 2 Oktoba

Seif kalala chali, kitambaa machoni. Kaniuliza, jana ulipita wapi? Nikamwambia yote, na kushoto kule na ukuta wa hekalu. Kacheka mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha. Kasema hata angekuwa yeye, angekata kushoto.

Nimeandika daftarini kwa herufi kubwa: majina ya kwetu, miguu ya hapa.

Alhamisi, 4 Oktoba

Kila alasiri nakwenda kutembea, narudi kumhadithia. Leo nimepanda mashua ya mferejini, nimeshuka penye bustani na wauza vyakula. Nikapaita Forodhani. Anazunguka mji mzima akiwa kitandani. Ananisahihisha, ati kutoka Forodhani huwezi kufika mtaa wa Malindi kwa njia hiyo. Hapa unaweza, nikamwambia. Akanuna.

Jumamosi, 6 Oktoba

Wamefungua kitambaa. Daktari kainua vidole vitatu, Seif kasema vitatu. Viwili, kasema viwili. Kampa ubao wa herufi. Seif hakuutazama. Alikuwa ananitazama mkono.

Kasema, Zuwena, saa yako imechelewa dakika nne.

Nimemwambia daktari basi, hakuna haja ya ubao. Nimeketi sakafuni nikacheka na kulia pamoja, na muuguzi naye akalia bila kujua sababu. Tumekwenda wote wawili mpaka Darajani, kamwona Bimkubwa wa Ndizi kwa jicho lake, kamwinamia na viganja pamoja kama wanavyofanya wenyewe. Amenunua ndizi za watu kumi.

Dakika nne. Kumbe siku ile sikuingia saa sita kasoro kumi. Ilikuwa kasoro sita.

Jumapili, 21 Oktoba. Ibra

Nyumba haijakaa kimya wiki nzima. Nimehadithia mara ngapi sijui. Kila nikihadithia maji yanapanda, sasa yamefika kifuani. Seif ananitazama, anacheka chini chini.

Nasor alikuja Alhamisi. Alisoma daftari la kijani lote kwa mkao mmoja. Kasema anaye mwenzake ofisini anampeleka baba yake Bangkok, anataka amnakilie. Halafu akaniuliza, mama, kwani Darajani hasa iko vipi? Kijana wangu ana miaka ishirini na miwili. Nikamchorea. Nimemchorea mbili, ya kule na ya kwetu, moja kushoto moja kulia. Kazikunja, kazitia mfukoni. Kabla hajaondoka kanibusu mkono, kasema nisamehe, nilidhani huwezi. Nikamwambia hata mie nilidhani hivyo.

Moza naye kaja, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mwarabu wa Ibra hasa, Kiswahili hajui neno. Mamake anaumwa mguu, mwezi ujao wanampeleka. Nimemnakilia yote kwa Kiarabu, na ramani. Majina ya njia nimemwachia yale yale ya Unguja, maana mie mengine siyajui.

Alhamisi, 13 Desemba

Baridi kidogo. Nimekanda unga. Seif dukani, kafungua saa ndogo ya mwanamke, vipande vyake vidogo kuliko mchanga. Hapapasi tena skurubu, sasa yeye ndiye anayenitungia uzi sindanoni nikishindwa.

Moza amerudi. Mamake anatembea na mkongojo. Kakaa hapa jikoni, kavua viatu, kanieleza kwa Kiarabu chake cha Ibra, majina yakimtoka kooni kwa shida. Amefika Darajani, kumejaa watu. Mwanamke wa ndizi yupo. Mkunazini kunapita upepo mzuri alasiri. Duka la mzee wa miwani lipo vile vile, kalipaka rangi ya kijani. Na Kiponda, kasema, Kiponda kumetulia, wamepanda maua ngazini, wenyeji wanakusalimu sana.

Miaka ishirini sijapata mtu wa kuniletea salamu za Kiponda.

Nimemtilia kahawa, nikamwambia aanze tena, tangu darajani, pole pole.