Kitanda cha Pamba

Bariadi

Mama Zuhura, mke wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Usukumani. Natumaini hamjambo wewe na mtoto, na kile kikohozi chake kimemwachia. Mimi ni mzima. Kazi ya kufunga mashine za kuchambulia pamba inakwenda, ila lipo jambo ambalo mpaka leo sijamaliza kulishangaa.

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, mji huu umefurika wanunuzi. Gesti zimejaa, na zenye nafasi zinataka bei ambayo fundi wa mkataba haiwezi. Nilikuwa karibu kuacha kazi nirudi Muheza. Mlinzi wa kiwanda ndiye akanipeleka kwa shangazi yake, mjane anayeitwa Mayu Minza. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

Alikuwa na chumba kimoja cha kunipa, nacho kimejaa pamba mpaka usawa wa dirisha. Akatandika mkeka na shuka juu yake, akaniambia nipande. Mama Zuhura, sijawahi kulala pazuri namna ile. Nililalia jasho lake la mwaka mzima, na hata jina langu alikuwa hajalishika.

Magari ya wanunuzi yakaanza kupita mpaka majumbani, yakigombania pamba. Majirani wakauza. Yeye akawarudisha.

"Nina mgeni," aliwaambia. "Atalala wapi?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Kumbe pamba ile ndiyo ilikuwa ng'ombe wa mahari ya mwanawe Masanja, na wazazi wa binti walishaanza kumsikiliza mchumba mwingine. Nikamsihi auze.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "mgeni haondolewi kitandani." Akaendelea kupepeta mtama wake.

Ikabidi nimdanganye. Asubuhi nikachukua mkoba wangu, nikamwambia bosi amenipatia chumba. Siku ileile akauza. Mimi nikawa nalala kiwandani juu ya masanduku ya mashine, mbavu zinaniuma. Haikupita wiki akaja kwa miguu, akauona mkeka wangu, akatikisa kichwa.

"Mwongo wewe. Chumba sasa ni kitupu, nimekuwekea kitanda. Twende."

Nikamfuata kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Jumamosi wanaume wa ukoo walipeleka ng'ombe kwa wakwe, na Mayu akaagiza nami niende. Mzee mmoja wa upande wa binti akanikazia macho, akauliza huyu ni wa wapi. Mjomba wa Masanja akajibu bila hata kufikiri, "Wa kwa Minza. Kaka yake Masanja." Ng'ombe wakapokelewa. Mimi niliyekuja kutafuta pa kulala, machozi yalinilenga mbele za watu.

Nisalimie mama mkwe, na kaka yako seremala, na jirani anayekuletea maziwa. Mayu Minza amekaa hapa ananitazama nikiandika. Amenikataza kufunga bahasha kabla sijaweka salamu zake: anamsalimu mkamwana wake, na anauliza mjukuu wake ameshaota meno?

Mumeo,
Hamisi