Kuku wa Rufaa

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Naitoa hivyo hivyo, ingawa marahaba yako sitaisikia tena. Ulizikwa wakati wa masika, barabara ya Lindi imekatika, mimi niko huku Kilwa kwenye mashamba ya chumvi. Habari ilinifikia kaburi lako limeshaota majani.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo hukulijua, na sasa linanidai jibu.

Unakumbuka ulivyonipeleka chuo cha ufundi? Baba alikuwepo, lakini kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba wake, na wewe ndiye uliyesema, "Huyu atajenga nyumba za watu." Korosho zilikuwa zimeanza kununuliwa na wafanyabiashara binafsi, kila mtu na mzani wake, na wewe ulikuwa na matumaini makubwa. Mwisho wa masomo nikapasi yote isipokuwa Michoro. Kwenye ubao waliandika kwamba mchoro wangu wa paa haukuwasilishwa. Mjomba, nilichora lile paa. Nililikabidhi kwa mkono wangu.

Ubaoni palikuwa na sheria pia. Anayerudia somo amekubali matokeo yake. Aliyekata rufaa haruhusiwi kurudia mpaka rufaa iamuliwe. Nikazisoma mpaka nikazijua kwa moyo. Nikirudia, nimekubali kwamba sikuchora. Nikikata rufaa, nakaa nangoja, na darasa la kurudia linaanza bila mimi. Nikakata rufaa. Nilikuwa kijana, nilidhani ukweli una haraka.

Nikakutumia habari kwa mdomo, kwa dereva wa lori: nimekata rufaa. Kumbe kwako neno lile lilikuwa na maana yake. Kesi ya kijana haisemwi na kijana. Husemwa na mjomba.

Ukaja. Nilikuona getini na kanzu yako ya Idi, kuku kwapani.

"Mzee, hapa si hospitali," mlinzi akakwambia. "Wagonjwa wanatazamwa kule."

"Sikuja kutazama mgonjwa. Nimekuja kwenye kesi."

Mkuu wa chuo akakuingiza ofisini, mimi nikasimama mlangoni. Akauliza kama wewe ndiye baba. Ukasema baba yupo, mzima, wewe ni mjomba. Akauliza mbona basi baba hakuja. Ukacheka kwa mshangao wa kweli. "Baba atasema nini hapa?" Kisha ukamfunga kuku kwenye mguu wa kiti na kuanza: "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Kama kakosea, niambieni mimi. Kama mmekosea ninyi, niambieni mimi vilevile. Hatutagombana." Sijawahi kusikia mtu akinisemea vizuri kama siku ile. Kuku akachafua sakafu, ukamkemea: "Adabu, uko mbele ya wakubwa."

Ulipotoka ulinishika bega. "Kesi imekwisha, mjomba. Yule bwana muungwana, kapokea kuku."

Hivyo ndivyo tulivyoitana siku zote, mjomba kwa mjomba, mpaka watoto wakawa wanauliza nani hasa ndiye mjomba wa mwenzake.

Hukujua sheria ya chini kabisa ubaoni: rufaa huandikwa na mwanafunzi mwenyewe, na mtu wa nje akiingilia kati, imefutwa. Walinisomea jioni ile ile. Kuku aliitwa kishawishi. Nikaomba basi nirudie somo, nikaambiwa uandikishaji umefungwa. Milango miwili, na yote ikafungwa, mmoja kwa mkono wako uliokuja kunifungulia.

Ningekwambiaje? Ningerudi nyumbani, ungeniuliza, na nisingeweza kukudanganya usoni. Nikashuka Kilwa kutafuta kibarua. Kila ulipotuma salamu ukiuliza rufaa, nilijibu bado. Nawe ukarudisha: "Wakubwa hawaharakishwi. Ngoja." Ukawaambia watu kijijini kesi yangu ingali mezani. Basi nikangoja kwa ajili yako, mjomba, rufaa iliyokwisha kufa. Chumvi inanipasua nyayo, asubuhi zinafunga, jioni zinapasuka tena. Shamba lilikuwa la shirika, likauzwa kwa tajiri, sisi tukauzwa nalo pamoja na mabeleshi.

Sasa dada yangu Mwanahawa ameleta maneno. Kwanza, jina lako halina mtu, nije nilikalie, niitwe wewe mahali pako, nawe wajua jambo hilo halikataliwi. La pili ni binti yake, Zuhura. Yuko chuoni, wamemfelisha somo moja, wamemwambia arudie au akate rufaa. Anangoja mjomba wake aseme. Na dada akamaliza: "Usihangaike na kuku, nimeshamfunga."

Nimekaa na maneno hayo juu ya tuta la chumvi hadi msimamizi akaniuliza kama nimeugua. Nikisema kuku asiende, wataniuliza sababu, na sababu ni wewe. Nikinyamaza, mtoto ataingia pale nilipoingia mimi. Na arudie au akate rufaa? Sijui. Mpaka leo sijui lipi lingeniokoa.

Lakini nitakwenda. Kuku wa dada tutamchinja kwenye hitima yako, wamle waliokujua na wasiokujua. Zuhura atachagua mwenyewe na ataandika kwa mkono wake. Mimi nitavaa kanzu, nitamsindikiza mpaka getini, na hapo nitakaa nje na mlinzi. Wakiniuliza kwa nini mjomba haingii, nitasema aliyenitangulia aliingia, akasema yote yaliyofaa kusemwa, na mimi sina la kuongeza.

Hilo ni kweli. Hata usoni kwako ningeweza kulisema.

Lala salama. Ukisikia wanaliita jina lako na mtu mwingine akaitika, usishtuke.

Ni mimi,
Mjomba wako