Mkoba Uliomuuzia Mwalimu wa Kibugu

Mama Njeru,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, nilikutupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo nitakueleza yangu. Nina hasira. Ni miezi minne tangu tukuzike, na badala ya kulia nasaga meno. Nimekukasirikia wewe, nimewakasirikia wanawake wa soko hili la Embu, na mimi mwenyewe sijajisaza.

Mwalimu Rwamba wa Kibugu alikuja. Unamkumbuka, yule mwalimu mstaafu mwenye shamba la chai, aliyetafuta mkoba wa kumpelekea mama mkwe wa mwanawe siku ya ruracio, ya kupeleka mahari. Aliununua kwako wakati mimi nilikuwa nimeenda kwetu Kiambere kujifungua. Ulimwambia ni orijino. Basi siku ya ruracio, shangazi mmoja wa bibi harusi aliyetoka Nairobi aliugeuza mkoba mara moja tu, akacheka mbele ya wageni wote, na zawadi ikarudishwa. Sasa Mwalimu alikuja nao umefungwa kwenye gazeti, akautupa juu ya meza yetu, akapaza sauti hadi wauza viazi wakasikia: "Huyu mama yenu alikuwa mwizi! Aliniangalia hivi, macho kwa macho, akaniuzia feki!"

Niliuchukua ule mkoba nikiwa tayari kukutetea. Ulikuwa mzito kama inavyotakiwa. Vyuma vyake vilikuwa baridi mkononi, zipu ilipita bila kukwama, na nilipouingiza pua nilisikia harufu ya ngozi tupu, hakuna gundi. Nikataka kumwambia Mwalimu arudi kwao akamtukane huyo shangazi. Kisha nikaugeuza ubavuni.

Ua la urembo wa ngozi lilikuwa limekatika. Upande huu wa mshono kulikuwa na nusu ya ua, na upande wa pili ncha ya jani. Mtoto wa darasa la tatu angeona.

Na hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza! Wiki ile niliyoanza kazi kwako, ulikata kamba za belo la mitumba, ukatoa mkoba mmoja, na kabla hata hujanipa chai ukaniambia: "Ua likutane na mwenzake. Mwenye kushona ya kweli haoni uchungu kutupa ngozi. Wa feki anabana kila kipande." Wewe ulikuwa unaona ua lililokatika kutoka ng'ambo ya barabara. Uliwahi kunipiga kiwiko kanisani wakati wa sadaka, ukaninong'oneza kwamba mkoba wa mke wa mhubiri umetoka kwa wale wa kubana ngozi, na mimi nikashindwa kuimba kwa kicheko. Huwezi kuniambia kwamba wewe, wewe mwenyewe, hukuliona hilo.

Kwa siku tatu niliamini kwamba ulikuwa mwizi. Nakwambia ukweli, kwa sababu hii si barua ya kubembelezana.

Mama Brayo wa meza ya pili hakuhitaji hata siku moja. Mtu uliyempa nusu ya kivuli chako alipokuja sokoni hana mahali, mtu aliyekula githeri yako miaka yote hiyo, alisimama akasema, "Sisi tulikuwa tunajua tu, ni vile mtu hupenda amani." Wakaja wengine wawili kutoka Ishiara na mikoba yao. Yote miwili ilikuwa mibaya kwenye mshono, na yote ilinunuliwa miezi ile ile ambayo sikuwepo.

Kisha mwanao Njeru akaleta mkoba wako mweusi, akasema mke wake hautaki, labda utapata mteja. Nikaupekua mifuko kama ulivyonifundisha, kwa maana watu husahau vitu humo. Kwenye mfuko wa ndani nilikuta karatasi ya hospitali. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo imechakaa kwa kufunguliwa mara nyingi. Imeandikwa sukari iko juu. Imeandikwa macho yameharibika, mgonjwa aende kliniki ya macho upesi. Tarehe yake ni ya kabla hata sijapata mimba.

Ulijua, Mama Njeru. Nilikaa juu ya belo nikaisoma tena.

Ndipo kila kitu kikanirudia. "Hebu angalia wewe kwanza, nione kama umeiva." Kila siku! Nami nageuza mkoba na kutangaza kwa sauti kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi: mshono umenyooka, ua limekutana, maandishi yamezama ndani ya ngozi, bitana haijavimba. Nawe unatikisa kichwa, "Sawa, umepita." Nilijivuna sana. Nilimpigia mama simu Kiambere nikamwambia kuna mtu ananifundisha kwa uvumilivu ambao hakuna mwalimu amewahi kunionyesha. Kumbe mtihani haukuwepo. Ulikuwa unaazima macho yangu.

Nilikutilia uzi kwenye sindano mwaka mzima kwa sababu eti vidole vyako vimekaza. Ulimimina chai hadi ikafurika mezani, ukamlaumu aliyetengeneza kikombe. Hukuitikia mtu mpaka atoe sauti, na mimi nikasema Mama Njeru siku hizi ana maringo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na macho yangu mazima, nisione chochote.

Najua kwa nini ulificha. Nakumbuka yule mzee wa viatu. Watu walipogundua haoni vizuri, walimbadilishia jozi nzuri kwa zilizochakaa mchana kweupe, na muuza belo akawa anampa fagia kwa jina la kamera, mabaki yaliyochaguliwa na wengine kama kwamba ni bidhaa ya kwanza. Mwezi mmoja na nusu, meza yake ikafungwa. Ulisema siku ile, "Sokoni usionyeshe kidonda." Sawa. Soko ungelificha. Mama Brayo ungemficha. Lakini mimi? Mimi ningekushika mkono nikupeleke kliniki, na ungekataa ningekubeba. Kile kidonda cha mguu ulichosema ni kiatu kilikuwa sukari, na ndicho kilichokuua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulimwambia hivyo Mama Brayo kuhusu kifua chake, mbele yangu, bila haya!

Nami nikaenda zangu Kiambere. Nilikuuliza kama nijifungulie hapa Embu ili nirudi haraka. Ulinijibu, "Nenda ukae na mamako mpaka ushibe. Mimi nilikuwa nauza mikoba kabla hujaota meno." Ungesema neno moja tu, usiende, nisingeenda. Hata ungefunga meza miezi miwili, ni nini kingeanguka? Ukabaki hapo peke yako na vidole vyako na pua yako, na wauza feki siku hizi wanatumia ngozi ya kweli na vyuma vizito.

Njeru alinikataza kusema. "Wacha tu, Igoki. Mathe hakutaka watu wajue. Wataongea wachoke." Nilimpigia kelele. Nilimuuliza kama afadhali mama yake aitwe mwizi kuliko kipofu, naye akageuka akalia, na bado sijamwomba msamaha. Lakini maneno yake yalinifunga wiki mbili nzima. Kukutoa kwenye wizi, lazima nitoe hadharani kitu ulichokwenda nacho kaburini. Kunyamaza, basi kila asubuhi nifungue meza nikimsikiliza Mama Brayo.

Jumamosi niliwaita. Mwalimu alishuka kutoka Kibugu shingo upande, na wale wa Ishiara wakaja. Nilisimama mbele ya meza, nikaisoma ile karatasi kwa sauti, Mama Brayo na wenzake wakisikia. Nikaeleza habari za sindano, za chai, za mtihani wangu wa kila siku. Nikasema hakuwaibia, hakuona. Mama Brayo alianza kupanga sweta ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mwalimu aliomba ule mkoba. Aliuangalia pale kwenye mshono kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Aliniuliza."

Alisema siku ile uliweka kidole gumba hapo hapo kwenye mshono, ukamuuliza, "Mwalimu, hapa unaonaje? Hii maua imeshikana?" Naye akadhani ni maneno ya biashara. Tena yeye ni nani amfundishe Mama Njeru mikoba? "Nikamwambia iko sawa," alisema. "Na wala sikuangalia." Mmoja wa wale wa Ishiara akajishika mdomo. Akasema, "Hata mimi aliniuliza."

Hapo ndipo nililia, mara ya kwanza tangu mazishi, mbele ya soko zima, kamasi na yote. Ulikuwa unaomba, Mama Njeru. Ulimwomba kila mtu na hukumwambia mtu unaomba nini. Heshima yao kwako ikawa ndiyo iliyokuponza.

Nilimbadilishia Mwalimu, nikampa wa kahawia wenye mkanda mpana, wa kweli. Safari hii aliukagua mwenyewe, mshono kwa mshono, nami nikasimama nikimngoja. Wale wawili pia walichagua. Sasa hakuna anayekuita mwizi. Mama Brayo anasema, "Maskini, alikuwa haoni," kwa ile sauti ya huruma uliyoichukia maisha yako yote, na mimi ndiye niliyempa sababu. Kama huko uliko unaweza kukasirika, kasirika. Ningeulizwa tena ningesema tena.

Jumatatu nafunga meza nusu siku nikapimwe sukari na macho. Njeru nitamwomba msamaha na nitamburuta twende wote. Lala salama, Mama Njeru. Nakuahidi jambo moja: siku macho yangu yakianza kuniacha, nitasimama hapa katikati ya soko niseme sioni, na anayetaka kuniibia aniibie.

Igoki wako