Bango Lililokatika Kasikeu

Mwende mjukuu wangu,

Huku Mbumbuni tuko salama, na mama yako amemaliza kupanda pojo. Unauliza kama duka lako la Kitui linunue mashine ya kuchapisha kwenye roli, yaani karatasi ndefu iliyoviringishwa, au ya karatasi mojamoja.

Nikiwa msichana, kwaya yetu ya Kasikeu iliunganisha karatasi kwa gundi, tukaandika bango la kumkaribisha mchungaji. Upepo ukalikata kwenye kiungo. Kijana nisiyemjua akazishika pande zote mbili, akasimama juani mpaka mgeni akafika.

“Mikono haijachoka?” nikamuuliza.

“Imechoka, lakini usiende.”

Huyo ndiye marehemu babu yako.

Wenye harusi na matanga hutaka mabango marefu, kwa hivyo nunua ya roli. Ni mimi tu ninayetamani lile bango likatike tena.

Susu yako,
Kalekye