Nilisifu Sindano Niliyoiogopa

Shikamoo, mama mshauri. Naomba nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na hata kwenye sala zangu nalipita haraka. Nina tatuu. Iko nyuma ya bega la kushoto, mahali panapofunikwa na blauzi, ni kipande cha tangawizi chenye machipukizi mawili, na huyo anayekuandikia ndiye msichana ambaye darasani alikuwa akijua jibu na hanyooshi mkono.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na ninakaa na mama hapa Same mjini nikisubiri matokeo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa analima tangawizi huko juu milimani, Mamba, ndiye aliyenilea mpaka darasa la nne, na mwaka jana alifariki nikiwa shule ya bweni, nikafika wakiwa wameshazika, na tangu siku ile nilitaka nibaki na kitu chake ambacho hakuna mtu atakayekigawa wala kukipoteza, ndipo siku moja nikaingia kwenye chumba cha kuchora tatuu kilicho nyuma ya saluni ya kiume, si mbali na stendi.

Sitaki kumsema vibaya fundi, nitamwita Evance, kwa sababu alinipokea vizuri kuliko nilivyopokelewa mahali pengi. Nilisimama mlangoni, akaniambia, "Ingia, mdogo wangu, hapa hatung'oi meno." Alinipa kiti, akaniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani, nikasema alikuwa mpole ila ukimkanyagia mche wa tangawizi utamjua, akacheka, na akauchora mchoro kwanza kwenye karatasi mara tatu mpaka nikasema ndiyo wenyewe. Kabla yangu alikuwepo dereva wa bodaboda aliyekuwa anamaliziwa jina la mtoto wake mkononi, naye akaniambia, "Usiogope, dada, huyu mkono wake mwepesi, mimi nimesinzia."

Yule dereva alipoinuka, Evance aliichovya sindano ileile kwenye glasi ya maji, akaifuta kwa pamba, akanigeukia. Niliona, mama. Niliona na maji ya ile glasi yalivyokuwa na rangi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, lakini mimi nimelelewa kwamba ukienda kwa mtu hukagui sahani wala huulizi kama mwenyeji amenawa, unapokea na kushukuru, na bibi mwenyewe ndiye aliyenifunza hivyo, kwa hiyo nikageuza uso ukutani nikanyamaza.

Alipomaliza akaniambia nitoe simu niandike maoni kwenye ukurasa wao, kwani wateja ndio wanaowaletea wateja. Alikuwa amesimama pembeni yangu, nikaandika kwa jina la Mteja wa Milimani kwamba nilipokelewa kwa upole, nimechorwa kumbukumbu ya bibi yangu mpaka nikatokwa na machozi, nikaweka nyota tano. Hayo yote ni kweli. Halafu akasema, "Weka na usafi, watu wanapenda kusikia usafi," nikaweka kwamba vifaa ni safi.

Siku ya nne bega lilivimba, likatoa usaha, nikapata homa, nikamwambia mama ni malaria, nikawa naliosha kwa maji ya chumvi chooni. Sasa ni wiki ya saba, kidonda kimepona na chipukizi moja limefutika. Mama hajui. Juzi sokoni alimwona dada mmoja mwenye maandishi shingoni akaninong'oneza, "Tazama, kajiandika kama gunia," na mimi nikacheka pamoja naye.

Ningeweza kuendelea hivyo, lakini Jumapili alinipigia Jenoveva, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Mamba na amenizidi miaka miwili. Alikuwa amekutana na ukurasa ule. "Kuna mteja mmoja ameandika habari za bibi yake," akasema, "nimesoma nimelia, utafikiri ni bibi yetu. Nimeamua na mimi." Nikamwambia mama mkubwa atakasirika, akasema, "Mama hatajua, kwani wewe utamwambia?" Nikamwambia inauma, akanicheka, "Ndiyo maana utakuja kunishika mkono, mwoga mkubwa." Anashuka Jumamosi na gari la tangawizi.

Nikimwambia asiende ataniuliza nimejuaje, na Jenoveva hajui kunong'ona, jioni hiyo ukoo mzima utakuwa umesikia. Nisipomwambia, atakwenda kulala kwenye kile kiti kwa ajili ya maneno yangu. Nifanye nini? Nakuomba, wewe na wasomaji wako, mnitunzie siri hii.

Mimi, Mteja wa Milimani

MAJIBU YA MSHAURI

Marahaba, binti yangu. Jumamosi haingoji gazeti, kwa hiyo haya nilikutumia kwa simu siku ileile niliyopata barua yako. Leo nayachapa kwa ruhusa yako, na majina yote nimeyabadilisha, hata hilo ulilotumia kwenye ule ukurasa.

Kwanza pole kwa bibi. Kufika wakati wameshazika ni maumivu yasiyo na pa kuwekwa, na sishangai kwamba uliyatafutia mahali kwenye bega lako. Kuhusu tatuu yenyewe sina la kukugombeza. Una miaka kumi na minane na bega ni lako.

Nina la kukugombeza kuhusu mengine. Uliingia kwa fundi kama mgeni, wakati wewe ulikuwa mteja. Bibi alikufundisha adabu ya mezani kwa watu, na alikufundisha vizuri, lakini hakuna mwenyeji anayekutoboa ngozi. Bibi huyohuyo, angemwona mtu anakata mbegu ya tangawizi kwa kisu kilichotoka kwenye mbegu nyingine iliyooza, angemnyamazia kwa sababu ya adabu? Unamjua kuliko mimi. Jibu unalo.

Halafu ukaandika uongo. Unasema mengi uliyoandika ni kweli, nami nakubali. Evance anaonekana ana moyo mzuri na mkono mzuri. Ndiyo maana lile neno moja la usafi ni la hatari, limekaa katikati ya ukweli na watu wanalimeza bila kulitafuna. Jenoveva amelimeza. Wangapi wengine wamelimeza hujui, na mimi sijui.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya kazi za nyumbani kukupa kisingizio, nenda kituo cha afya. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, upimwe virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Wiki saba zimepita na wanaweza kukuambia urudi kupima tena. Wakikupa tarehe, rudi. Hutakuwa wa kwanza kuingia pale na jambo kama hili, na wahudumu wanapaswa kutunza siri yako.

Ukitoka hapo, mwambie Jenoveva. Usimpigie, nimekusoma, kwenye simu utaishia kuulizia mavuno. Mwandikie, kwa sababu kalamu yako ina ujasiri ambao mdomo wako bado hauna. Mtumie picha ya bega pamoja na lile chipukizi lililofutika, na umwambie Mteja wa Milimani ni nani. Unaogopa ukoo utasikia. Huenda ukasikia. Mchoro ni siri yako na una haki ya kuificha hata miaka kumi, lakini ile glasi ya maji si siri yako, ni ya kila atakayekalia kile kiti baada yako.

Ukishamwandikia, rudi kwenye ule ukurasa. Usifute sifa za upole, alizistahili. Futa neno la usafi, uandike ulichokiona. Fundi naye mwandikie kwamba kila mteja anastahili sindano mpya inayotolewa kwenye pakiti mbele ya macho yake, na wino uliomiminwa kwa ajili yake peke yake. Akibadilika, umemsaidia kuliko nyota tano. Akikudharau, mpelekee habari bwana afya wa kata. Huyo ndiye mwenye kazi ya kuingia na kukagua, wala hahitaji kuona bega lako.

Na yule dereva wa bodaboda. Alikalia kile kiti kabla yako, na hujui nani alimtangulia yeye. Ukimwona stendi, mwambie na yeye akapime.

UJUMBE ULIOTUFIKIA BAADAYE

Shikamoo tena, mama. Nilikwenda. Majibu ya kwanza ni mazuri na nimepewa tarehe ya kurudi. Jenoveva nilimwandikia Alhamisi, nikaificha simu chini ya mto, nikijua nimekwisha. Halafu akaandika, "Kumbe ni bibi yetu kweli." Jumamosi alishuka vilevile na gari la tangawizi, ila hatukwenda kwa fundi, tulikaa chumbani kwangu akaniambia nimwonyeshe, akaweka kidole pale palipofutika, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Jenoveva ananong'ona.

Maoni nimeyabadilisha. Evance alinipigia, sikupokea, nikamwandikia. Amejibu kwamba ameagiza sindano za pakiti na nipite nikazione. Sijui kama nitamwamini, kwa hiyo nimempelekea bwana afya habari vilevile. Dereva bado namtafuta, kila siku napita stendi naangalia mikono ya watu.

Aliyebaki ni mama. Nataka asikie kwangu, na ninangoja ile tarehe ya pili ipite ili nimwambie yote kwa pamoja. Kwa hiyo wewe unayesoma hili, kama ni mtu wa Same au wa huko juu Mamba, na umeshaanza kukisia ni bibi gani, nakuomba unitunzie mpaka siku hiyo. Ukikutana na mama sokoni, msalimie tu.