Kibuyu cha Mama Katika Jumba la Waingereza

Dada yangu wa tumbo moja,

Nakuandikia kutoka Bladensburg, huku Marekani, na bado nimekukasirikia. Mara mbili nimenunua kadi ya simu nikupigie, nikaishia kumpigia mtu mwingine.

Unalikumbuka lile jumba la kale kule Uingereza, lenye madirisha mengi kuliko watu? Wewe ukifanya kazi jikoni, mimi zizini. Ulikuwa ukiniletea chai asubuhi, unanicheka nikiwasemesha ng'ombe wa Kizungu kwa Kikalenjin. Baridi ya kwanza ilipotukaba ulininong'oneza: "Chebet, tutengenezee mursik. Nakufa na hamu." Nikatoa kibuyu alichotupatia Mama, nikakisugua ndani kwa mkaa kama alivyotufundisha, nikatia maziwa, nikakificha kwenye chumba cha jibini ili maziwa yagande yawe mursik. Hapo ndipo nilipokosea, kuficha chakula chetu kana kwamba nimeiba.

Mwenye nyumba alikifungua, akaona maziwa ya kijivu yenye chembe nyeusi, akapiga kelele kwamba nawalisha watu uchafu. Akauliza ni cha nani. Ulikuwa umesimama pale na aproni yako. "Ni cha Chebet," ukasema. "Mimi simo." Na jana yake tu ulikuwa umekunywa vikombe viwili! Nilifukuzwa siku hiyo hiyo. Kibuyu ukaniambia kimetupwa, nikakuamini, nikaja huku kwa shangazi kuwaosha wazee wa watu.

Jumapili iliyopita Mama Kiprono wa kanisani, aliyetoka kutembea Uingereza, alinipa kijitabu chenye picha wanachopewa wageni wa jumba lile. "Si huyu ni sister yako? Ati anateach Wazungu kutengeneza mursik, na wanaqueue!"

Pichani ni wewe, umevaa shanga, unacheka. Mkononi una kibuyu ambacho kifuniko chake kina kile kiraka cha ngozi alichoshona Mama. Nililia pale pale kwenye maegesho ya kanisa. Kufukuzwa nilishazoea. Lakini kukilia kibuyu miaka yote hii, kumbe unacho mwenyewe! Nimejaribu kutengeneza mursik huku kwenye mtungi wa plastiki. Haikuwa na ladha ya kwetu, nikaimwaga.

Sitaki uniombe radhi. Nitumie kibuyu. Na kabla hujakifungasha, mgeni akikuuliza ni cha nani, taja jina langu. Siku ile ulilitaja bila kusita.

Ni mimi, mdogo wako uliyemnywesha chai zizini,
Chebet