Hatuji Kwako Kharif Hii

Al Khuwair,
Maskati.
18 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Balqis,

Assalaam alaykum. U hali gani, na vipi mgongo uliokuwa ukikusumbua? Usingizi unaupata? Chakula unakula cha kupika, au bado ni mkate na jibini huku umesimama? Nauliza nikitaka majibu ya kweli, si ile "alhamdulillahi, mzima" unayonipa kila siku. Sababu utaiona huko mbele.

Sisi ni wazima. Joto la Agosti ndilo hilo unalolijua, ukitoka nje miwani inaingia ukungu na huoni hata mlango wa gari. Magoti yangu yanalalamika kama kawaida. Mume wangu Ghaith hajambo, ila amekuwa mkimya siku hizi, na wewe unajua kwamba Ghaith akinyamaza kuna jambo. Mama Mdogo, mama yako, yuko salama kwa kaka yako Saeed huko Sidab. Nilikuwa naye Ijumaa na nitakueleza tuliyozungumza.

Utashangaa kupata barua ya karatasi na simu ninayo mkononi. Nimefanya makusudi. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kusema neno unanikata kwa "wala usijali, dada", na mimi nalegea, tunahamia kwenye habari za hali ya hewa. Karatasi huwezi kuikata. Isome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Naona haya, Balqis. Nalisema hili kabla ya yote ili usije ukadhani nimekuandikia kukusuta.

Unakumbuka harusi ya Wijdan, binti wa Saeed, mwaka jana? Tulikuwa tumekaa kwenye zulia, sinia la wali katikati, wanawake wanakuuliza habari za Utrecht. Mmoja akauliza huko kukoje, ukajibu, "Njooni kharif, ndo kuzuri, majani yote yanageuka rangi." Ulikuwa ukisimulia majani, maskini. Ulitumia neno la Kiarabu kama linavyosomwa vitabuni, majira ya majani kupukutika, basi. Umekaa mbali miaka mingi, ukasahau kwamba kwa watu wa hapa kharif si majani. Kharif ni Salala, kule kusini kwenye mvua wakati huku kwetu kunaungua. Ni manyunyu na vilima vya kijani, na Maskati nzima kupakia magodoro juu ya magari na kumwangukia yeyote mwenye nyumba kule, bila hodi. Sisi kila mwaka tunaijaza nyumba ya wifi yangu Ruba mpaka watoto wake wanalala ukumbini, na hakuna anayeuliza ruhusa.

Basi wewe ulisema majani, mimi nikasikia magodoro. Wali haujaisha sinia nzima inajua kwamba Balqis wa Uholanzi ametualika kwake kharif, na kwamba tutakaa Oktoba na Novemba yote. Wewe ulikuwa papo hapo, kijiko mkononi. Ulinitazama, ukatabasamu, ukasema, "Karibuni sana, dada." Ungesema nini mbele ya wanawake wote wale?

Ghaith ndiye aliyeshika moto. Miaka yote wizarani alishughulika na barabara, na nchi hii treni ya abiria haina, kwa hiyo mtu mzima yule alipata kichaa cha reli. Alitandaza ramani ya njia za treni za Uholanzi juu ya meza ya kulia, tukawa tunakula chini. Kila mji na kalamu yake ya rangi. Delft ya bluu, Haarlem nyekundu, Leiden kijani, na Maastricht aliizungushia rangi zote kwa sababu ni mbali na tungeshinda ndani ya behewa. Mpango wake ulikuwa mmoja: asubuhi tunapanda treni Utrecht, tunatembea mji wa watu, tunarudi magharibi. Na kila siku sentensi yake iliishia pale pale, "halafu tunakula kwa Balqis." Miezi yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza huyo Balqis atakuwa ametoka wapi saa hizo, na ana hali gani.

Yangu mimi ndiyo mabaya zaidi, na nayaandika yote. Nilikuomba chumba cha chini kwa ajili ya magoti. Nikakuuliza kibla kiko upande gani wa nyumba, na kama jirani zako watanuna tukikaanga samaki. Nikakwambia mapazia ya huko ni mepesi, uweke mazito kwa sababu Ghaith hawezi kulala kwenye mwanga. Nikamwongeza na mke wa Majid, jirani yetu, nikisema yeye hana taabu, atalala popote. Na wewe kila ujumbe ulinijibu palepale, "Hakuna tabu, dada." Mimi nikakusifu kwa Ghaith, nikamwambia umeona mtoto alivyolelewa?

Halafu siku ile uliponionyesha nyumba kwa video. Jiko kubwa, dirisha la bustani, masufuria ya shaba yamening'inia. Akapita bibi mmoja wa nywele nyeupe nyuma yako, nikauliza nani huyo, ukasema jirani. Nilikuamini. Nilichofanya nilipokata simu ni kuanza kushona foronya, maana nilishahesabu vitanda.

Mwezi uliopita, kama ujuavyo, kazi ya binti yangu Ibtihal ya meli za watalii pale Bandari ya Sultan Qaboos ilimpeleka Rotterdam kwenye mafunzo. Nilimpa halwa akuletee, nikamwambia usimpigie, mshtue. Hilo nalo ni langu. Mtoto alirudi nyumbani adhuhuri, akanikuta na pasi na foronya zangu. Hakukaa, hakuvua hata abaya.

"Mama, hizo foronya za nani?"

"Za kwa Balqis. Vitanda vyake vikubwa."

"Mama, wallahi, Khalati Balqis hana vitanda. Ana kitanda kimoja, na kiko ubavuni mwa jiko. Ukigeuka usingizini unawasha moto."

Nikamwambia wacha masihara. Akachomoa pasi. Hapo nikajua si masihara.

Usimgombeze, Balqis. Najua ulimwapisha asiseme, na alijaribu. Alikaa na siri safari nzima ya ndege na macho yalimvimba. Aliniambia jinsi ulivyofungua mlango na sare ya kazi, ukabaki umeshika kitasa. Aliniambia ngazi zako zilivyosimama wima kama za meli. Kwamba ile nyumba ya masufuria ya shaba ni ya huyo bibi unayemwogesha na kumlisha, na ndiye aliyepita nyuma yako, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwamba umekubaliana na Nankya wa kazini ulale kwenye kochi lake miezi miwili ili sisi tupangane humo chumbani mwako. Na kwamba ulipoulizwa na mtoto kama Delft kweli ni kuzuri, ulicheka, ukamwambia hujawahi kufika, ila wakati wa mapumziko huangalia kwenye simu ili upate la kumwambia Ghaith.

Hilo la Delft ndilo lililonikalisha chini. Umekaa nchi ile ujana wako wote na hujapanda treni ya matembezi, na sisi tulikufanya mwongoza watalii.

Lakini halikuwa la mwisho. Ibtihal akasema umeomba likizo yako yote uipeleke Oktoba na Novemba ili utuzungushe. Yote, Balqis. Ile uliyokuwa ukiiweka akiba uje umwone mama yako.

Sasa sikiliza nilichokifanya mimi. Siku ya Idi tulikuwa Sidab, mama yako akasema Balqis haji mwaka huu, sauti yake ndogo. Mimi, mbele ya watu wote, mdomo umejaa halwa, nikamwambia, "Mama Mdogo, huyo keshazoea Ulaya, katusahau." Akainamisha uso. Nilidhani nimesema ukweli unaouma. Kumbe aliyemzuia mtoto wake asije ni mimi, nimekaa mbele yake nakula kwenye sahani yake. Tangu nilijue hili nikisimama kuswali nalikumbuka, na naona haya hata kuinua mikono.

Nilimweleza Ghaith jioni ile. Hakubisha. Alikwenda kwenye meza, akaikunja ramani yake polepole, akasema, "Tumemgeuza mtoto wa watu hoteli." Kisha akaenda zake kuoga. Huo ndio ukimya niliokutajia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hatuji kwako kharif hii. Najua maneno haya kwetu ni mazito. Kumwambia mtu "hatushukii kwako" ni kama kumvua nguo hadharani, na kwa kuogopa hilo hilo nimekawia kuandika. Nilifikiri hata nisingizie magoti, niseme daktari amekataa. Ingekuwa rahisi kwangu na kwako. Lakini wewe umejisingizia raha miezi yote hii kwa kuniogopea uso wangu, na mimi nikijisingizia ugonjwa tutazeeka hivi hivi, kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa adabu. Basi nakwambia wazi: tunajua unavyoishi, na hatukuoni mdogo. Niliyejiona mdogo ni mimi.

Tiketi tumezisogeza mpaka mwaka ujao. Tukija tutapanga pahala petu, karibu na stesheni, na wewe siku yako ya mapumziko utakuja kama unataka. Ghaith anasema kiti cha dirishani ni chako kila treni, na mapazia tutavumilia yaliyopo. Mke wa Majid nimeshamwambia, alinuna kidogo, itapita. Wanawake wa harusini nao nawaambia mmoja mmoja kwamba hukutualika, nilijialika. Wengine wanacheka. Acha wacheke.

Kochi la watu umrudishie Nankya, ulale kwako. Na likizo yako usiifute. Imeshaombwa, imeshakubaliwa, ichukue uje nayo Maskati.

Ijumaa nilikwenda Sidab kumwambia mama yako. Alikuwa kwenye baraza ya ndani anachambua mchele, na redio yake. Nilizunguka sana, nikakohoa, nikaulizia kuku, mwisho nikasema. Nilisema yote, hata ya Idi. Alisikiliza bila kuacha mchele.

"Alikwambia njooni kwangu?" akaniuliza.

"Alisema njooni kharif."

"Kharif ni majira, Masouda. Si nyumba."

Nikadhani atacheka, maana mdomo ulimcheza. Hakucheka. Akaanza kulia, Balqis, machozi yanadondoka kwenye ungo. Nikamwomba anisamehe, akanipungia mkono ninyamaze. "Silii kwa ajili yako weye," akasema. "Nnalia kwa kuwa hajanisahau." Tangu Idi alikuwa akiamini ulichosema ulimi wangu. Tulikaa pale mpaka mchele ukarowana, na nilipika mimi.

Sasa nakuomba jambo moja. Usinijibu "si neno, dada". Nimeshiba hiyo. Nipigie unigombeze, unitukane ukitaka, unitajie moja moja niliyokufanyia, hata yale nisiyoyajua. Ghaith nitamtoa nje ya chumba. Nina umri huu na wewe hujapata kuniambia "hapana" hata mara moja, na ninaanza kuogopa kwamba hukuwahi kuniona ndugu, uliniona mkubwa tu.

Nisalimie sana Nankya, mwambie kwa lile kochi ana ndugu Maskati, na akija huku tutajua pa kumlaza. Nisalimie na yule bibi, ingawa hanijui na mimi nilimdhani jirani. Ghaith anakusalimu, na Saeed na watoto wake, na Wijdan ambaye anakaribia kujifungua, inshaallah. Ibtihal anakusalimu kwa woga na anauliza kama bado mko pamoja.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani na kazini, aupoze mgongo wako, na akulete kwetu salama.

Nilipomwambia mama yako kwamba nakuandikia, nilimuuliza ana neno. Akasema niandike kama alivyolitamka, nisiongeze kitu: "Njoo ulale, mwanangu. Kwangu huna mgeni wa kumtumikia."

Ni mimi dadako, ninayekupenda kwa haya zote,

Masouda